Debe la Mbegu Ulilompa Ndugu Yangu

Mama mkwe wangu mpendwa,

Hilo neno "mpendwa" nimeliandika upesi, kabla hasira haijanipokonya kalamu. Nilikupenda. Watu wote watakaoketi kesho chini ya turubai hapa nyumbani, kwenye maombi yako ya kumbukumbu, wanajua nilikupenda. Wengine walizoea kusema kwamba mimi, mwana wa watu niliyetoka Bungoma, nilikuwa binti yako kuliko hata wale uliowazaa. Basi wakisikia nitakayoyasoma wasiseme ni chuki ya mkaza mwana. Ni hasira, na nimekaa nayo siku tano bila kumpigia mtu kelele.

Nimepewa dakika chache za kuzungumza kwa sababu mimi ni mke wa mwanao mkubwa. Kiprotich anataka niseme ulivyokuwa mkarimu, ulivyopenda kanisa, na jinsi mursik yako, yale maziwa ya kibuyu, ilivyosifiwa kutoka hapa hadi sokoni Soy. Nitayasema hayo, maana ni ya kweli. Kisha nitaikunjua karatasi hii na kuisoma, na atakayetaka kuondoka aondoke.

Jumatatu nilikuwa nafagia ghala ili tupate pa kuweka viti vya kukodi. Juu ya boriti, nyuma ya magunia matupu, mkono wangu ukagusa kifurushi. Nilikitambua kabla hata sijakifungua. Kilikuwa kitambaa chako cha kichwa, kile cha kijani chenye maua meupe, ulichotuambia kwamba upepo ulikichukua kwenye kamba ya nguo. Unakumbuka tulivyokitafuta? Mimi na watoto tulishuka mpaka kwenye matete ya bondeni, nikiwa na mtoto mchanga mgongoni, na wewe umeketi kwenye kiti chako cha mbao unatuambia, "Wacheni tu, kitambaa ni kitambaa." Ndani yake kulikuwa na mkebe wa dawa ya wadudu, ile ya punje za zambarau, imebaki kama robo. Na kitambaa chenyewe kilikuwa na madoa ya zambarau pale vidole vyako vilipofunga fundo.

Niliketi pale pale kwenye vumbi. Watu husema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi siku zote niliusikia msemo huo kama wa kuwaonya watu wengine.

Kwa ajili ya wasiojua, wacha nianzie mbali.

Nilipoolewa hapa sikujua hata ng'ombe anakamuliwa kutoka upande gani. Kwetu tulikuwa na miwa na kuku. Asubuhi ya tatu ukaniita jikoni, ukasema, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," ukacheka mpaka ukashika mlango, lakini badala ya jembe ukanipa fimbo na tukawashusha ng'ombe bondeni, kule ambako maji hayakauki hata mwezi wa pili. Nilidhani tunaenda kuchunga. Kumbe ulikuwa unanipeleka shule.

Ng'ombe mmoja akaangusha mavi yake, ukanishika mkono nisimame. "Ngoja. Angalia nani anakuja." Wakaja wale wadudu weusi wanaoviringisha mavi. Ukaugeuza ule mlima mdogo kwa fimbo, chini yake udongo ulikuwa umejaa nyungunyungu. Kisha wakaja wao, wawili wawili, kwa mwendo wa watu waliovaa viatu vipya: ndege warefu wa kijivu, mashavu meupe, taji la manjano limesimama kichwani. Korongo. Wewe uliwaita kong'ony. Walitembea nyuma ya ng'ombe wakidonoa panzi, wakidonoa wadudu, wakifukua wale viwavi wanene wanaokata mche wa mahindi shingoni usiku mmoja ukalala. "Huyu ndiye hulinda mahindi yetu," uliniambia. "Hakuna mtu amemwandika kazi. Anakula tu, na kula kwake ndiyo kazi."

Siku hizo za kwanza uliniunganishia bonde lile kipande kwa kipande. Matete hushika maji yasikimbie. Maji hulea chura, chura hula mbu, nyoka hula chura, nguchiro humla nyoka na wakati mwingine kifaranga wetu, tukamlaani halafu tukamsamehe. Mwewe huchukua panya wa ghala. Akifa yeyote, funza na mchwa humrudisha udongoni, udongo hutoa nyasi, nyasi hupanda ndani ya ng'ombe, na ng'ombe ndiye sisi. Ulikuwa ukisema, "Hapa hakuna mtu anakula bure. Hata sisi, siku moja nyasi itatukula." Ulisema hivyo ukiwa na kikombe cha chai mkononi, kama mtu anayesema kesho kutakuwa na mvua.

Kisha ukanieleza lile ambalo wageni hawaelezwi mapema. Kwamba kila ukoo wa watu wenu una mnyama wake, ambaye hauawi wala hatukanwi, na kwamba ukoo wa baba mkwe, ambao ndio ukoo wa Kiprotich na wa wanangu, mnyama wake ni huyo huyo kong'ony. Nikauliza, "Na wewe, Mama?" Ukasema kwenu, kwa baba yako, ni ukoo wa chura. Nikatazama bondeni, korongo mmoja alikuwa ameinua shingo na miguu ya chura inapiga piga mdomoni mwake. Ukaona nimeona. Ukasema, "Ndiyo hiyo. Nilizaliwa chura nikaolewa na kong'ony. Miaka yote hii, na bado hajanimeza." Tulicheka hadi ng'ombe wakageuka kututazama. Nimeyasimulia maneno hayo kwa watu wengi kuliko mahubiri yoyote niliyowahi kusikia.

Kwa hiyo usiniambie hukujua. Wengine wanaweza kusema hawakujua. Wewe ndiwe uliyenifundisha.

Ndugu yangu Wafula alikuja hapa kwa mdomo wangu. Alikuwa mtaa wa Langas, mjini, akifanya kibarua cha kubeba mawe, leo kipo kesho hakipo, nami nikakuomba tumchukue atusaidie kulima na kukamua, maana Kiprotich siku zote yuko barabarani na lori lake na shemeji zangu wengine wako Nairobi. Ulimpokea vizuri, siwezi kukudhulumu hapo. Ulimpa chumba kilicho karibu na jiko kwa sababu kina joto. Naye akalipenda bonde kuliko mimi. Kwa kuwa dada yake aliolewa kwenye ukoo wa korongo, aliwaita wale ndege shemeji. Asubuhi nilimsikia akipita na ndoo akisema, "Habari ya asubuhi, shemeji. Leo mmeamkia kiwavi ama panzi?" Ulikuwa unacheka ukiwa ndani.

Halafu ukaja ule mwaka wa mvua ya kubabaisha, mwaka juzi. Tulipanda, mvua ikasita, na korongo wakaingia shambani kwa kundi. Wakafuata mstari kama waliopimiwa kwa kamba, wanafukua mbegu moja, hatua, nyingine, hatua. Ukweli ni ukweli: ndege yule yule anayekulindia mche mwezi wa tano atakula mbegu yako mwezi wa nne. Kila mkulima wa hapa anajua dawa yake. Ni wiki mbili za kupiga madebe na kupiga kelele tangu alfajiri mpaka mche utokeze, baada ya hapo hawana haja nao. Lakini wiki mbili zinataka miguu. Mimi nilikuwa ndani na Chelimo, ana siku tisa tangu azaliwe. Wafula alikuwa na ng'ombe wa kukamua na wa kuchunga. Ukatoka wewe, na goti lako lile lililovimba, unapiga debe kwa mwiko na kuanguka kwenye matuta. Ukapanda tena. Wakafukua tena.

Mara ya tatu ulimwita Wafula, ukampa debe la mbegu. Akapanda siku nzima kwa mikono mitupu.

Jioni alikuja akiegemea ukuta. Jasho linamtiririka na baridi ilivyokuwa, mate yanamtoka, akatapika mara tatu nyuma ya choo. Vidole vyake vilikuwa vya zambarau, na sote tulidhani ni ile rangi ya kawaida ya mbegu za dukani. Ukaja wewe unachechemea, umeshika kikombe kikubwa cha maziwa kwa mikono miwili. Ukampapasa mgongo, ukamwambia, "Kunywa yote, mwanangu. Ni jua tu." Nami nikasimama mlangoni na mtoto wangu, nikamshukuru Mungu kwa mama mkwe niliyepewa.

Mama, mtu aliyepigwa na jua hupewa maji. Kila mtoto wa hapa anajua nani hukimbiziwa maziwa. Hukimbiziwa aliyekula sumu. Nilihitaji miaka miwili na kitambaa chenye madoa ili nikielewe kile kikombe. Ulijua. Ulikuwa umesimama pale unamtazama kijana wa watu akitetemeka, unajua ni nini kimemwingia, na hukusema tumpeleke hospitali kwa sababu daktari angeuliza ameshika nini. Mahali hapa ndipo ninaposhindwa kukusamehe. Nimejaribu kupita hapa mara nyingi juma hili, na kila mara narudi pale pale mlangoni.

Alipona. Siku ya pili asubuhi tukawakuta korongo saba shambani, mabawa wameyatandaza juu ya matuta, mataji yamejaa udongo. Simba, mbwa wetu, aliburuta mmoja mpaka nyuma ya zizi, na kabla ya saa kumi naye akawa amekauka. Mwewe wawili walioshuka kula hawakuruka tena. Korongo mmoja alikuwa amebaki hai. Alisimama karibu na mwenzake aliyelala, anainama, anamgusa kwa mdomo, anaita. Aliita siku tatu. Chelimo alikuwa akiamka kwa sauti ile, nikawa namziba masikio kwa kiganja.

Wazee wa ukoo wakaja, na majirani nyuma yao, maana jambo kama lile si la nyumba moja. Nani aliyepanda? Wafula. Wafula akasimama mbele yao wote na zile zambarau bado ziko kwenye kucha, akasema, "Wazee, mimi nilipanda tu ile Mama alinipa."

Watu wote wakakugeukia. Ulikuwa na shali begani, na kichwa chako, sasa ndiyo nakumbuka, kilikuwa wazi. Ukasema, "Mimi nilimpa mbegu safi. Hiyo dawa ametoa wapi, mimi sijui."

Sentensi mbili. Umewahi kuombea chakula kwa maneno mengi kuliko hayo.

Hakuna aliyekushuku hata kidogo. Nani angemshuku mama wa nyumba ya kong'ony? Mzee mmoja akasema, "Mgeni hana ndege," yaani kwake yule ni nyama tu na manyoya. Mwingine akasema watu wa kule kwetu ndivyo walivyo. Unajua vizuri, Mama, neno mgeni hapa kwetu lina historia yake, na likitajwa mbele ya watu wengi halichukui muda kushika moto. Niliona vijana wawili wakiangalia fimbo zao. Wazee walimpa Wafula mpaka saa sita awe ameondoka, na siku hiyo tukaita hiyo ni huruma.

Na mimi je? Mimi ndiye niliyemfungia begi. Aliniuliza, "Hata wewe, dada?" Nikamjibu, "Ungesema tu ukweli, ungeomba msamaha." Ndugu yangu wa tumbo moja, aliyenibeba mgongoni kuvuka mto tukienda shule. Wahenga walisema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Nilikula nawe miaka kumi na miwili, nikamkana mzaliwa nami kwa asubuhi moja. Hasira hii si yako peke yako, Mama. Nyingine ninailalia mwenyewe.

Basi Wafula akaenda, na tukadhani ubaya umeondoka na begi lake. Lakini bonde halikuwa kwenye mkutano ule, na halikusikia kwamba kesi imekwisha. Mvua uliyoingoja ilikuja kwa fujo, ikaosha shamba, ikateremsha kila kitu kwenye matete. Baada ya siku chache usiku ukawa kimya. Mwanzoni sikuelewa nini kimepungua, mpaka mtoto mkubwa akauliza, "Vyura wameenda wapi?" Walikuwa wameelea kando ya maji, matumbo juu. Ndege wa mumeo na chura wa baba yako, wote kwa debe moja. Ukoo ulimozaliwa na ukoo uliouzalia watoto.

Mbu wakazidi, tukaanza kulala tukijipiga makofi. Mwewe hawakuonekana, panya wakahamia ghalani na ndugu zao. Wakatafuna magunia, wakatafuna hata kamba za kibuyu chako. Na msimu uliofuata, mwaka jana, tulipanda bila kupiga hata debe moja. Hakuna ndege aliyekuja. Mbegu zote zikaota, mistari imenyooka, ikapendeza macho. Juma la tatu tukaamka tukakuta miche imelala. Kila mmoja umekatwa shingoni. Tulifukua kwa kidole, na chini ya kila mche kiwavi mnene amejikunja, ameshiba.

Ulisimama katikati ya shamba lile na mkongojo wako, ukalia. Nilidhani unalilia mahindi. Ukasema kitu ambacho nilikipuuza: "Hawa sasa hawana mtu wa kuwakula." Nikakushika mkono nikakurudisha nyumbani, nikakuchemshia chai. Ulikuwa karibu kusema, sivyo? Ulikuwa na sentensi nzima mdomoni, ukaimeza na chai yangu. Ulikuwa na miezi saba zaidi ya kuishi. Kila siku ya hiyo miezi saba Wafula alikuwa mwuaji wa korongo, na wewe ulikuwa unanipitishia sukari mezani.

Nilipokikuta kifurushi nilienda kwanza kwa Mama Jeptoo, jirani yako wa uzio, kwa sababu goti lako lisingekufikisha dukani. Nilimwekea kitambaa mapajani. Hakuuliza ni nini. Akasema, "Ni mimi alituma. Aliniambia ni ya kupulizia kupe."

"Na ndege walipokufa?"

"Nilijua siku hiyo hiyo."

"Na ulinyamaza."

"Nekesa, wewe ungesema nini? Mama wa kong'ony ameua kong'ony? Hiyo maneno ingeingia kwa mdomo gani?" Akafuta uso na kona ya kitambaa chako, halafu akakiona na kukitupa. "Alikuwa amechoka. Watoto wake wote wako kwa simu tu. Alilia hapa kwangu akasema afadhali ndege walale kuliko watoto wa watoto wake walale njaa."

Nimeyafikiria maneno hayo. Sina moyo wa jiwe. Namwona mwanamke wa miaka sabini na goti bovu, anaanguka kwenye matuta huku wanawe wakimwambia kwenye simu, "Mama, tutaona wikendi." Hapo nina hasira na wao, na nimewaambia. Lakini goti linaweza kumfanya mtu aloweke mbegu kwenye sumu. Goti halimfanyi mtu amsingizie mwana wa mwenzake mbele ya watu wenye fimbo. Hilo ulilifanya ukiwa umesimama wima, Mama, na mkongojo umeuegemeza ukutani.

Jana nilienda mtaa wa Huruma, mjini. Wafula anachomelea madirisha na malango kwenye kibanda cha mabati, na kazi yake ni nzuri. Alinyanyua miwani ya kuchomelea, akaniona, akairudisha. Nikasubiri mpaka akamaliza fremu nzima. Nikamwonyesha kitambaa, nikamweleza yote, nikapiga magoti pale kwenye vyuma na masizi. Nilitegemea angepiga kelele. Alikaa tu akitazama vidole vyake.

"Unajua kila mwaka mvua ikianza hizi zinakufa ganzi?" akasema. Kisha akasema, "Mimi sitaki kazi yenu. Sitaki ata chakula yenu. Nataka jina yangu."

Nikamwambia wazee wako tayari kumpigia simu. Niliwaeleza wawili, na walishtuka kweli.

"Zii, hapana. Walinifukuza wakiwa wengi, wasiniombe msamaha wakiwa mmoja mmoja kwa simu. Wale watu wote wakiwa hapo, ndiyo nitakuja. Na nitasimama kwa gate kwanza nisikie."

Ndiyo maana nakusemea kesho na si siku nyingine. Watakuwepo wale wale.

Kiprotich aliposoma karatasi hii alikasirika kwanza. "Marehemu hasemwi, Nekesa. Wacha mama yangu alale." Nikamwambia mama yako amelala, ndugu yangu ndiye hajalala kwa miaka miwili. Alitoka nje. Nilimwona dirishani amesimama kwenye uzio anatazama shamba lililolimwa, lisilo na mbegu bado. Aliporudi alikaa kitandani akavua viatu polepole. Akasema, "Basi kama utasoma, soma pia kwamba mimi nilikuwa na likizo mwezi huo wa nne, na sikuja kufukuza ndege. Nilijiambia ni kazi ya wazee." Nimeliandika, kama alivyoniomba. Mwaka huu ameomba wiki mbili kazini. Debe analo, na tutapanda mbegu kavu kama ilivyotoka kwenye mfuko. Korongo wawili walitua bondeni juma lililopita. Sijui kama yule mjane ni mmoja wao, lakini watoto walipowaona walikimbia kuniita, na mimi nikakimbia na unga mikononi.

Nimekuandalia kibuyu chako, Mama. Nilikiosha kwa kijiti cha mtende na kukipaka ndani mkaa wa mti wa senetwet vile ulivyonionyesha, mkono wako juu ya mkono wangu. Mursik imekaa siku tano, imeiva. Kawaida ya nyumba hii wazee hunywa kwanza. Kesho nitakapomaliza kusoma nitaikunja karatasi, nitatembea mpaka langoni mbele ya watu wote, na kikombe cha kwanza atapewa Wafula. Yule mzee aliyesema mgeni hana ndege ndiye atakayekishika kikombe hicho kwa mikono yake na kumpa. Amesema hivyo mwenyewe, wala sikumwomba.

Na wewe utazame kutoka hapo ulipo, chini ya nyasi uliyosema itatukula. Ukiona ndugu yangu anakipokea kikombe halafu anasita, anayatazama maziwa muda mrefu kabla ya kuyanywa, usishangae na usimlaumu. Anakumbuka ya kwako.

Pumzika, Mama. Ile "lala salama" wanayokuimbia wengine mimi bado sijakuambia. Nitakuambia kikombe kikirudi kitupu.

Mke wa mwanao, na dada ya Wafula,
Nekesa